Kuomba Kazi ya Kufundisha Chuoni Bila Kukosea Ngazi: Mwongozo Kamili kwa Wahitimu wa Bagamoyo

Kila likitoka tangazo la nafasi za kufundisha chuoni, simu huanza kuingia kutoka Magomeni, Dunda, Kaole hadi Kiromo. Swali ni lile lile: "Naomba kila mwaka, mbona siitwi hata kwenye usaili?" Ukiyatazama maombi yenyewe, mara nyingi jibu limo humo humo. Mtu ana shahada moja, ameomba Uhadhiri Msaidizi. Mwingine ana GPA (wastani wa alama za shahada) 3.6, ameomba nafasi ya chuo kikuu inayotaka 3.8. Mwingine sifa anazo zote, ila ameambatisha karatasi ya matokeo badala ya cheti.

Vijana hawa wamesoma, na wengi wangefundisha vizuri. Wanakwama kwa sababu kazi ya kufundisha chuoni si moja. Ina ngazi zake, ina masharti yake ya ajira, na ina mwajiri wake. Ukikosea kimojawapo, ombi linaondolewa kabla barua yako haijasomwa na mtu yeyote. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia kujipima hadi kupokea barua ya kuthibitishwa kazini. Usiruke hatua tatu za kwanza, hata kama tangazo linafungwa kesho kutwa.

## Andaa hivi kwanza

Kabla hujafungua simu wala kompyuta, weka mezani:

- Namba yako ya NIDA.
- Cheti halisi cha kuzaliwa.
- Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, au stashahada kama ulipitia huko.
- Cheti cha shahada pamoja na transkripti, kwa kila shahada uliyonayo.
- Vivuli vya vyeti hivyo vilivyogongwa muhuri na wakili au hakimu.
- Picha ndogo ya pasipoti ya karibuni.
- Wasifu wako (CV) wenye namba ya simu inayopatikana, na wadhamini watatu.
- Barua pepe unayoijua nywila yake mwenyewe.
- Kama ulisoma nje ya nchi: barua ya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) inayotambua shahada yako, na ya Baraza la Mitihani (NECTA) kwa vyeti vya sekondari.

Linganisha majina herufi kwa herufi. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanahamisi, cha kidato cha nne Mwanakhamis, na NIDA ina jina la tatu ambalo vyeti havina, shughulikia hilo sasa. Aliyebadili jina anatakiwa awe na hati ya kubadili jina iliyosajiliwa kisheria. Jambo hili halimalizwi kwa siku mbili, na tangazo la kazi kwa kawaida hukaa wazi wiki mbili tu.

Utajua upo tayari pale ambapo mtu mwingine anaweza kuchukua bahasha yako, akasoma majina kwenye kila karatasi, na asikuulize swali lolote.

## Hatua ya 1: Jipime uko ngazi gani

Kwenye vyuo vikuu vya Tanzania ngazi za wanataaluma hupanda hivi.

Mkufunzi Msaidizi. Kwenye tangazo utaiona imeandikwa Tutorial Assistant, na wenyewe vyuoni huita TA. Hapa ndipo anapoanzia mwenye shahada ya kwanza. Haongozi kozi peke yake: anaendesha semina, anasimamia vitendo maabara, anasahihisha kazi chini ya mhadhiri. Vyuo vikuu vya umma vinataka GPA isiyopungua 3.8 kati ya 5.

Mhadhiri Msaidizi (Assistant Lecturer kwenye tangazo) ni mwenye shahada ya uzamili. GPA ya uzamili inayotakiwa kwa kawaida ni 4.0 na kuendelea, na tangazo hutaja pia kiwango cha shahada ya kwanza.

Mhadhiri anatakiwa awe na shahada ya uzamivu. Kuanzia hapa kwenda juu, yaani Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki, kisha Profesa, mtu hupandishwa kwa machapisho yaliyopitiwa na wataalamu wenzake, ubora wa ufundishaji, na miaka isiyopungua 3 kwenye ngazi aliyopo. Huwezi kuruka kutoka Mhadhiri Msaidizi kwenda Mhadhiri kwa ukongwe wa kazi. Pasipo uzamivu utabaki hapo hapo, hata ukifundisha miaka 20.

Sambamba na hizo ipo ngazi ya watafiti, hasa kwenye taasisi za utafiti zilizo ndani ya vyuo vikuu. Nayo ina mtafiti msaidizi, mtafiti, mtafiti mwandamizi na maprofesa wa utafiti. Kazi yao kubwa ni kuchunguza na kuandika, kufundisha kunafuata. Wakutubi wa vyuo vikuu nao wana ngazi yao ya kitaaluma. Mhitimu wa ukutubi anayedhani tangazo la wanataaluma halimhusu anapishana na nafasi yake.

### Mahali watu wengi wanapokwama

Upper second si tiketi. Daraja hilo linaanzia GPA 3.5 hadi 4.3, kwa hiyo mwenye 3.5, 3.6 au 3.7 ana daraja zuri kabisa na bado hafikii 3.8. Hili linawauma wengi, na nawaelewa. Lakini kuandika barua nzuri zaidi hakubadilishi namba, na kujiongezea pointi moja kwenye fomu kutakuja kuonekana transkripti ikifunguliwa. Andika GPA kama ilivyo kwenye transkripti.

La pili linaumiza zaidi: shahada ya uzamili haifuti ya kwanza. Nimeona watu wakilipa ada ya uzamili kwa mkopo wa ndugu, wakapata 4.3, kisha wakakuta tangazo la Mhadhiri Msaidizi linataka GPA zote mbili. Kabla hujaenda kusoma uzamili kwa lengo la kufundisha chuo kikuu, chukua matangazo matatu ya zamani ya fani yako, usome yanataka nini kwenye shahada ya kwanza. Kama hufiki, uzamili bado una faida zake, ila usiulipie kwa matumaini ya kazi hiyo.

Ukimaliza hatua hii uweze kusema sentensi moja tu: "Mimi sifa zangu zinaniweka ngazi fulani." Ikiwa unasema "ngazi yoyote ile," rudi juu usome tena.

## Hatua ya 2: Jua aina ya ajira yenyewe

Watu wawili wanaweza kufundisha darasa moja, kozi moja, mmoja akawa na pensheni na mwingine akawa analipwa kwa saa. Tofauti imo kwenye masharti ya ajira, na mstari huo kwenye tangazo watu huupita mbio.

Ajira ya kudumu na pensheni. Hii ndiyo ya serikalini ambayo kila mzazi anaiombea. Unaanza na kipindi cha majaribio cha miezi 12, ukithibitishwa unakuwa na haki ya kupandishwa cheo, kupewa ruhusa ya masomo, na kuchangiwa mfuko wa PSSSF, ule wa pensheni ya watumishi wa umma. Umri wa kustaafu kwa lazima kwa watumishi wengi ni miaka 60, lakini kwa maprofesa ni 65. Matangazo mengi huweka ukomo wa miaka 45 kwa mwombaji.

Mkataba wa muda maalumu. Umeandikwa tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa kawaida miaka kadhaa, na unaweza kuongezwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaruhusu mikataba ya namna hii kwa wataalamu, na mhadhiri ni mtaalamu. Vyuo binafsi huitumia sana. Vyuo vya umma navyo huitumia, kwa mfano kumrudisha profesa aliyestaafu ili fani isibaki yatima. Si ajira mbaya. Ubaya ni kuichukua ukidhani ni ya kudumu, ukakopa kiwanja cha miaka 7 kwa mkataba wa miaka 2.

Kufundisha kwa muda, kwa saa au kwa kozi. Chuo kina upungufu, kinakuita ufundishe kozi moja muhula mmoja. Unalipwa kwa kazi uliyofanya, mara nyingi baada ya kukabidhi alama za wanafunzi. Hakuna kupanda cheo, na likizo yenye malipo usiitegemee. Ni njia nzuri ya kupata uzoefu na wadhamini, pia inamfaa mwenye kazi nyingine. Dai barua ya uteuzi inayotaja kozi, idadi ya saa, kiasi cha malipo na lini utalipwa. Ahadi ya mdomo kutoka kwa mkuu wa idara haikusaidii mkuu huyo akihamishwa.

Mhadhiri mgeni ni mtu mwenye kazi yake chuo kingine au nchi nyingine, anakuja kwa kipindi. Mhitimu mpya haimhusu, ila ajue ipo, kwa sababu wapo wanaoiomba kwa kudhani ni nafasi ya kawaida.

Ajira ya mradi wa utafiti. Mshahara unatoka kwenye fedha za mradi, mradi ukiisha na mkataba unaisha. Sisi wa Bagamoyo tunaijua kwa karibu kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, yenye kituo chake hapa mjini. Majaribio ya chanjo za malaria za RTS,S na R21 yamefanyika hapa, na kazi kama hizo huhitaji maafisa utafiti, watu wa maabara, watunza takwimu. Mhitimu wa sayansi anayetaka kuja kuwa mhadhiri anajengeka vizuri huko, kwa sababu anatoka na jina lake kwenye machapisho.

Mwisho ipo ile ya kujitolea. Isiyo na barua, usiifanye zaidi ya mwezi. Mwenye kujitolea naye apewe karatasi inayosema alifanya nini, tangu lini hadi lini, vinginevyo muda huo hautaonekana popote kwenye wasifu wake.

## Hatua ya 3: Jua chuo ni cha nani

Hapa Bagamoyo tuna bahati ya kuwa na karibu kila aina ya chuo ndani ya wilaya moja, kwa hiyo unaweza kujifunza tofauti bila kupanda gari la Dar es Salaam.

Chuo cha Marian ni cha Wakatoliki, kinatoa elimu ya chuo kikuu, kwa hiyo kiko chini ya TCU. Mwajiri ni chuo chenyewe. Maombi yanapelekwa chuoni, mkataba unafuata sheria ya kazi ya sekta binafsi, na michango ya hifadhi ya jamii inakwenda mfuko wa NSSF. Usidhani chuo binafsi kinapokea GPA yoyote. Nacho kinakaguliwa.

TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), ambayo wazee bado wanaiita Chuo cha Sanaa, ni wakala wa serikali. ADEM, inayofundisha uongozi wa elimu, ni wakala pia. Halikadhalika FETA pale Mbegani, chuo cha uvuvi. Hivi vitatu viko upande wa mafunzo ya astashahada na stashahada, na msimamizi wa mafunzo hayo ni NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Mwalimu wake mara nyingi huitwa Mkufunzi, akianzia Daraja la II. Wafanyakazi wake ni watumishi wa umma, kwa hiyo nafasi zake hutangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma.

Kwa nini hili ni muhimu? Kwa sababu mwenye shahada ya sanaa za maonyesho na GPA 3.6 anaweza kuwa anagonga mlango wa chuo kikuu mwaka hadi mwaka, ilhali nafasi ya Mkufunzi kwenye chuo cha wakala ina masharti mengine kabisa. Mhitimu wa sayansi ya uvuvi vivyo hivyo. Na kazi yenyewe si ndogo: kumfundisha kijana kupiga marimba au kutengeneza wavu ni kufundisha kweli kweli, na unakuwa darasani peke yako tangu siku ya kwanza, jambo ambalo Mkufunzi Msaidizi wa chuo kikuu halipati.

Onyo moja. Cheo cha Mkufunzi Msaidizi kipo pia kwenye vyuo vya elimu ya juu ambavyo si vyuo vikuu, kama vile vya uhasibu na biashara. Masharti yake yanaweza kutofautiana na ya chuo kikuu. Usimwambie mwenzako "TA wanataka 3.8" au "TA wanataka 3.5" bila kutaja chuo.

## Hatua ya 4: Soma tangazo ukiwa na kalamu

Chapisha tangazo, au liandike upya kwenye daftari. Kusoma kwenye kioo cha simu ndiko kunakowafanya watu waone jina la kazi na kuacha mengine. Pigia mstari mambo haya:

1. Mwajiri ni nani hasa. Tangazo moja la Sekretarieti linaweza kubeba waajiri watano.
2. Jina la nafasi pamoja na fani iliyo kwenye mabano au baada ya kistari. Mkufunzi Msaidizi wa Isimu si Mkufunzi Msaidizi wa Fasihi.
3. Sifa za kitaaluma, neno kwa neno. Likisema shahada ya "Uchumi", na wewe una "Uchumi Kilimo", usijipe jibu mwenyewe. Angalia kama limeongeza maneno yanayoruhusu fani zinazofanana.
4. Masharti ya ajira: kudumu au mkataba.
5. Ngazi ya mshahara. Ukiona PUTS, ni mwanataaluma wa chuo kikuu cha umma. Ukiona PHTS, ni chuo cha umma cha elimu ya juu kisicho chuo kikuu.
6. Mahali pa kutuma na siku ya mwisho. Yapo matangazo ambayo chuo hutoa chenyewe kwenye tovuti yake na kutaka maombi yaende kwake.

Weka alama ya tiki au mkasi (X) mbele ya kila sifa. Mkasi mmoja kwenye sifa ya lazima unatosha kuacha tangazo hilo na kuhifadhi nguvu zako kwa jingine. Tiki tupu ndizo zinazokupeleka hatua ya tano.

## Hatua ya 5: Fungua akaunti wewe mwenyewe

Maombi ya serikalini hupita kwenye mfumo wa Ajira Portal, portal.ajira.go.tz. Watu wengi mjini hapa huenda steshenari, wakamwachia kijana wa pale vyeti, wakarudi jioni kuambiwa "tayari." Hapo ndipo mkosi unapoanzia. Kijana amefungua akaunti kwa barua pepe yake, nywila anaijua yeye, na mwezi unaofuata amehama. Ujumbe wa kuitwa kwenye usaili unakwenda kwa mtu asiye wewe.

Nenda steshenari kuskani tu. Barua pepe iwe yako, nywila iandike kwenye daftari la nyumbani. Kisha jaza kwa utaratibu huu: taarifa binafsi kwa namba ya NIDA, elimu kuanzia sekondari, uzoefu, wadhamini, kisha viambatisho.

Pakia cheti mahali pa cheti na transkripti mahali pa transkripti. Karatasi za matokeo ya kidato cha nne na sita, matokeo ya muda ya chuo, na barua za kuthibitisha kuwa umemaliza hazikubaliki badala ya vyeti. Skani ziwe za PDF, zisomeke hadi muhuri, na zisiwe nzito. Picha iliyopigwa kwa simu juu ya kitanda, yenye kivuli cha kichwa chako, inamfanya mchambuzi ashindwe kusoma GPA, naye hatakupigia kuuliza.

Kama tayari ni mtumishi wa umma, barua yako ipitie kwa mwajiri wako. Walimu wa sekondari wanaotaka kuhamia vyuoni huliruka hili kwa kuogopa mkuu wa shule. Anza kuzungumza naye mapema, kabla tangazo halijatoka.

Kuomba kazi serikalini hakuna ada. Anayekuambia utume fedha ili "jina lisukumwe" ni tapeli, hata akikutumia picha ya kitambulisho chake na kukuita mwanangu. Mfungie namba.

Ukifanikiwa, nafasi uliyoomba itaonekana ndani ya akaunti yako kwenye orodha ya maombi. Kama haionekani, hujaomba, hata kama ulijaza kila kitu. Ingia tena uhakikishe kabla ya siku ya mwisho, maana saa za mwisho mfumo huelemewa.

## Hatua ya 6: Barua ya maombi

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, na iwe na saini. Barua isiyosainiwa ni kosa dogo linaloondoa watu wengi. Kwa nafasi za Sekretarieti, elekeza kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Kwa chuo binafsi, fuata cheo kilichotajwa kwenye tangazo.

Kiini cha barua kinaweza kuwa hivi:

> *YAH: MAOMBI YA NAFASI YA MKUFUNZI MSAIDIZI (ISIMU YA KISWAHILI)*
>
> *Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mhitimu wa Shahada ya Sanaa katika Kiswahili, niliyemaliza kwa GPA ya 4.1. Katika mwaka wa tatu niliandika tasnifu kuhusu istilahi za wavuvi wa pwani ya Bagamoyo, nikikusanya data Dunda na Mlingotini. Tangu kuhitimu nimefundisha Kiswahili kidato cha tano na sita, na nimeendesha semina za lugha kwa wanafunzi wa stashahada.*

Tazama kilichofanyika hapo. Nafasi imetajwa pamoja na fani. GPA imetajwa mapema. Kuna kazi moja ya utafiti yenye mada na mahali. Uzoefu umeelekezwa kwenye kufundisha. Hakuna "mimi ni mchapakazi, mwaminifu na ninayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo," maneno ambayo kila barua inayo na hayamwambii mchambuzi kitu.

Kwa wadhamini, angalau wawili wawe waliokufundisha chuo, mmoja akiwa msimamizi wa tasnifu yako. Waombe ruhusa kwanza na uwatumie tangazo. Mdhamini anayeshtushwa na simu huongea kwa kusitasita. Shehe wa mtaa, padre au mwenyekiti wa kitongoji ni watu wa heshima, ila hawawezi kueleza unavyofundisha au unavyoandika.

## Hatua ya 7: Usaili

Usaili wa serikalini huanza kwa mtihani wa mchujo wa kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana kwa waliopita. Orodha ya walioitwa hutolewa kwenye tovuti, na namba yako ya usaili inapatikana ndani ya akaunti yako. Nauli, chakula na malazi ni juu yako, kwa hiyo anza kuweka akiba siku ile unayotuma maombi, kwa sababu taarifa ikifika mara nyingi siku zimebaki chache.

Beba vyeti halisi vyote, kuanzia cha kuzaliwa, na kitambulisho. Aliyefika bila vyeti halisi hurudishwa mlangoni, na hakuna maelezo yanayomwokoa.

Kwa nafasi za kufundisha, jiandae kuambiwa ufundishe kidogo mbele ya jopo. Hili ndilo wahitimu wetu hulidharau zaidi. Wanasoma historia ya chuo na majina ya viongozi, wanasahau kuandaa somo. Chagua mada moja ya fani yako, iandalie somo la dakika 10: lengo, maelezo, mfano mmoja, swali moja kwa wasikilizaji. Lifundishe nyumbani kwa sauti, ukisimama, mbele ya mdogo wako ambaye hajasoma fani hiyo. Akiweza kukueleza ulichosema, umefundisha. Akibaki anakutazama tu, punguza istilahi na uanze upya.

Jopo hupenda pia kuuliza utasomea nini baadaye. Kwa Mkufunzi Msaidizi swali hili si la adabu tu. Ngazi hiyo ni ya kupitia: chuo kinakuchukua kikitegemea usome uzamili, kisha uzamivu. Uwe na eneo la utafiti unaloweza kulieleza kwa sentensi tatu.

Ukifaulu lakini nafasi zikajaa, jina lako linaweza kuhifadhiwa kwenye kanzidata na ukaitwa nafasi ikipatikana. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu bila kuhuisha akaunti.

## Hatua ya 8: Kabla ya kusaini

Barua ya ajira ikifika furaha huwa kubwa, na nyumba nzima hupiga vigelegele. Soma kwanza. Ikiwa ni ya chuo binafsi, hakikisha imeandikwa: kazi utakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi, na mshahara. Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri akupe mambo hayo kwa maandishi. Angalia kama cheo kilichoandikwa ndicho ulichoomba. Ukisailiwa kama Mhadhiri Msaidizi kisha barua ikasema Mkufunzi Msaidizi, uliza kabla ya kusaini, kwa maandishi na kwa heshima.

Piga hesabu ya mshahara baada ya makato. Mbali na kodi, kuna mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii: serikalini mfanyakazi hukatwa asilimia 5 na mwajiri huchangia 15. NSSF jumla ni asilimia 20, ambapo sehemu ya mfanyakazi haizidi 10. Kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB), ongeza asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Wengi hupanga maisha kwa namba iliyo kwenye barua, wakashtuka mwezi wa kwanza.

Kwenye ajira ya kudumu, kipindi cha majaribio kina kazi zake. Weka faili lako: barua ya kuripoti, orodha ya kozi ulizopangiwa, tathmini za wanafunzi, vyeti vya semina ulizohudhuria. Miezi 12 ikikaribia kwisha, nenda kwa afisa utumishi uulize kuhusu kuthibitishwa kwako. Wapo waliofundisha miaka kadhaa bila barua hiyo kwa sababu hakuna aliyeifuatilia, na siku walipoomba ruhusa ya kwenda kusoma uzamili ndipo wakaambiwa bado wako kwenye majaribio. Barua ya kuthibitishwa ikitoka, ipige kivuli, uweke kimoja kazini na kimoja nyumbani, kisha siku hiyo hiyo anza kuulizia utaratibu wa ruhusa ya masomo.